Mizunguko Miwili na Nusu

Dukani, 4 Februari

Kwa mpwa wangu Sindano,

Barua yako niliipokea jana saa tano asubuhi, mbele ya mashahidi. Nasema mashahidi kwa sababu nilimwita mwenye saluni wa jirani, akaacha kichwa cha mteja wake kimesukwa nusu, akaja kusikiliza. Nilipofika pale ulipoandika kwamba kiwanda chenu kinataka kukiona kile kidude cha michezo cha kukunja cha dukani kwangu, nikasimama, nikameza mate, nikarudia kwa faida ya waliochelewa.

Kumbe hata huko kwa wataalamu mambo yamewashinda! Ati vidude vyenu vipya vya michezo vikifunguliwa na kufungwa mara elfu chache, waya unakatika pale kwenye bawaba na spika moja inakufa. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kidude changu kina miaka kumi na minane, na spika zake mbili bado zinaimba kama mapacha.

Wewe ulikuwa mdogo, nikukumbushe ilivyokuwa, uwaeleze wakubwa zako bila kubabaika. Kidude kile kililetwa na jaji, mtu ambaye akikohoa tu mahakama nzima inasimama. Kilikuwa na spika moja, chini, palepale kiganja kinapolala. Ukikishika, umeiziba. Jaji akaniambia, "Fundi, hiki kinaninong'oneza." Nikamwambia, mheshimiwa, keti. Mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, mkono wa pili nikafungua kifuniko, nikatia spika mbili, moja kila upande wa kioo, zimtazame usoni. Kigurudumu cha sauti nikakihamishia pembeni karibu na bawaba, pale kidole gumba kinapofika chenyewe bila kutumwa. Chai haikumwagika hata tone. Nilipokiwasha, sauti ikafika mtaa wa tatu, mbwa wa huko wakaitika. Jaji akatoa machozi. Akasema kitu kama hiki hawezi kukichukua, kibaki kwa aliyekiumba. Hii si chuku, mpwa wangu, muulize yeyote.

Nimekifunga kwa pamba na magazeti, kinaondoka na posta ya leo. Sikugusa hata skrubu moja. Nataka wakione kama kilivyotoka mikononi mwangu.

Mama yako hajambo. Macho ndiyo hayohayo, sasa hata mlango anauona kama ukungu. Yuko nyuma ya pazia kama ilivyo desturi yake, hapendi watu. Barua yako nilimsomea yote, akafurahi.

Jina langu waliandike kwa herufi kubwa.

Mjomba wako,
Injinia wa Sauti


Kiwandani, 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kidude kimefika salama. Tulikipeleka kwenye chumba cha kupimia sauti, chumba ambacho kuta zake zote zimefunikwa sponji, hata ukipiga makofi unahisi umepigia ndani ya mto. Bosi wetu tunamwita Bwana Kimya, kwa sababu kazi yake ni kusikiliza. Alikishika kama wewe ulivyozoea kuwaonyesha wateja, akazungusha kigurudumu, akafumba macho. Spika zote mbili zinatoa sauti sawasawa. Akaniuliza ni nani aliyekitengeneza. Nikamjibu, kimetengenezwa nyumbani kwetu.

Kisha tukakifungua. Bisibisi nilishika mimi. Nilichokiona ndani sitakuandikia, kwa sababu Bwana Kimya ameweka masharti. Kila boksi la kifaa kipya litakuwa na kitabu cha maelezo, na ukurasa wa mwisho utataja watu waliotoa mawazo makubwa. Yuko tayari kumtaja aliyetengeneza kidude chetu, lakini lazima huyo mtu ajibu maswali matatu, bila kuambiwa kilichomo ndani:

Kwanza, waya umezungushwa mara ngapi kwenye pini ya bawaba, na kwa nini idadi hiyo?
Pili, umefungwa kwa kitu gani?
Tatu, kigurudumu cha sauti kinashika kidogo, tik, kabla ya sauti kufa. Hiyo tik iliwekwa kwa ajili gani?

Mimi siruhusiwi kujibu. Nafanya kazi hapa, tena ni mtoto wa nyumba hiyo.

Mjomba, nakuomba kwa heshima zote. Msomee mama maswali haya, neno kwa neno, na uniandikie atakachosema, neno kwa neno. Kitabu kinakwenda kuchapwa tarehe 20 Aprili.

Nilipiga simu ya duka Jumanne, ukaniambia mama amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mpwa wako,
Sindano


Dukani, 19 Machi

Kwa mpwa wangu,

Maswali nimeyaona. Nilidhani wataniuliza mambo mazito! Mama yako nilimsomea, akasema, "Mwambie hayo amwachie mjomba wake, yeye ndiye ajuaye." Maneno yake hayo, sikuongeza nukta. Basi mwambie Bwana Kimya achukue kalamu.

La kwanza, swali lenyewe lina mtego, nami mitego naijua. Waya haukuzungushwa hata mara moja. Waya wa kweli unanyooshwa, umenyooka kama rula, tena ukivutwa unalia kama gitaa. Wanaozungusha waya ni mafundi wa kujifunzia barabarani.

La pili, umefungwa kwa waya mwembamba wa fedha niliopewa na rubani. Ndege yake ilitaka kuanguka, redio imekufa, mimi nikamwelekeza kwa simu mpaka akatua. Akaniuliza nataka nini, nikamwambia nipe kipande cha waya tu, ndugu yangu, mimi si mtu wa makuu.

La tatu, hiyo tik ni saini yangu. Wachoraji wanasaini pembeni ya picha, mimi nasaini kwa sauti. Popote duniani ukisikia tik, ujue mkono wangu umepita hapo.

Mambo ya huku yamepamba moto. Bango la duka nimelipaka upya: MWANZILISHI WA SPIKA ZA KIFUNIKONI. Mwenye saluni amepanga viti nje ya mlango, maana watu wanakuja kusikiliza habari ya jaji na hawapati pa kukaa. Jana nimeieleza mara nne. Mzee mmoja muuza viatu alisema, "Mbona juzi jaji alikuwa kanali?" Nikamwambia alikuwa vyote viwili. Mtu mkubwa hana kazi moja.

Kitabu kikitoka niletee vitatu. Kimoja nitakitia kwenye fremu.

Mjomba wako,
Injinia Mkuu wa Sauti na Mambo ya Bawaba


Kiwandani, 3 Aprili

Mjomba,

Majibu yako yote matatu si kweli. Bwana Kimya aliyasoma, akayakunja, akanirudishia. Heri angecheka.

Nilipokifungua kile kidude nilimtambua mwenye kazi papo hapo, kama unavyotambua mwandiko. Na nikajua kwa nini hukugusa skrubu hata moja kabla ya kukituma. Hukuwahi kukifungua maishani mwako. Ulinitumia ushahidi ukidhani ni wako, kwa sababu hujui kilichomo.

Nilikuwa na miaka sita, lakini nilikuwa nimekaa chini ya meza, nyuma ya pazia. Nakumbuka ilivyokuwa. Mteja anaingia, wewe unampokea, unamchekesha, unamwambia kazi hii anayeiweza ni wewe tu. Kisha unakisukuma kifaa kwa mguu chini ya pazia. Mama anakiokota. Alikuwa fundi cherehani kabla hajahamia kwako, vidole vyake vilikuwa vinajua vitu vidogo. Analehemu ameinama, uso umekaribia moshi, taa yake ni ile moja uliyoikataza kubadilishwa. Akimaliza anakisukuma kinarudi. Wewe unakohoa, unakiinua, unasema, "Haya, kimepona!" Nilikuwa naona viatu vya wateja vikirukaruka kwa furaha. Viatu vya mama havikutoka nje ya pazia hata siku moja.

Miaka ishirini hiyo. Na macho yake yalikwenda humo.

Sikumwandikia barua, kwa sababu barua zangu kwa mama zinapita kinywani mwako, na sijui zinatoka zikiwa nini. Pamoja na barua hii nimetuma kifaa kimoja kipya cha kukunja. Nimemrekodia sauti yangu na maswali yale matatu. Akifungua kifuniko tu, sauti inaanza. Hahitaji kusoma, hahitaji msomaji.

Mpe mkononi, Mjomba. Hilo tu. Siku kumi na saba zimebaki.

Sindano


Dukani, 14 Aprili

Kwa binti wa dada yangu,

Kifaa chako kimefika bubu. Posta wamekitupatupa, si kosa langu. Nilimpa mama yako, akakifungua, kimya. Akakifunga, akakifungua tena, kimya. Akasikitika kidogo, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Nimekiweka kwenye rafu ya vibovu. Ndiyo hivyo vitu vyenu vya kiwandani, vinang'aa lakini pumzi havina.

Sasa na mimi nina maneno. Umeniandikia barua kama mtu anayemwandikia mwizi wa kuku. Baba yako alipowaacha na masanduku yenu mlangoni, nani aliyefungua mlango? Nani aliyekupeleka shule kwa mkono wake, akamdanganya mwalimu mkuu kwamba umri umefika? Uongo wangu siku ile hukuuchukia.

Kaa ujiulize jambo moja. Mama yako alikuwa na mikono, sawa. Lakini nani angeingia dukani kwake? Mtu akimsalimu alikuwa anajibu akitazama sakafu. Watu hawaingii dukani kwa ajili ya vidole, wanaingia kwa ajili ya mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa spika ya duka lile. Bila spika, waya unalehemiwa kwa ajili ya nani?

Hata hivyo sisemi kwamba nilimzuia. Pazia halina kufuli. Angetaka kutoka angetoka.

Na hao watu wanaokaa nje wameshazoea. Leo nikiwaambia haikuwa hivyo, nitatazama wapi? Hilo hukulifikiria, wewe na bisibisi yako.

Mjomba wako, upende usipende,
Injinia Mkuu


Kiwandani, 22 Aprili

Mjomba,

Kitabu kimechapwa juzi. Ukurasa wa mwisho, pale ambapo lingekaa jina la aliyepandisha spika kifunikoni, wameweka la Bwana Kimya. Alisema mahali hapo hapawezi kubaki patupu. Hakufurahi wala hakuhuzunika. Nimekibeba kitabu kimoja mkobani mpaka pembe zimekunjika, sijui nakipeleka wapi.

Mfano wa ndani ya kidude chetu ndio uliofuatwa. Waya wa vifaa vyote vipya umezungushwa vilevile. Haukatiki tena.

Kifaa nilichomtumia mama nilikipima mwenyewe mara arobaini, nikakiangusha mezani mara kumi. Hakikufika bubu. Kuna njia moja tu ya kukinyamazisha bila kukivunja, nayo naijua tangu nina miaka sita.

Usinijibu.

Sindano


Dukani, 9 Mei

Kwa Sindano,

Ulisema nisikujibu. Barua hii si yangu. Mama yako ameketi hapa mbele, kwenye kiti changu, ananiambia niandike nini. Amekataza kutia chumvi. Nikimaliza, mwenye saluni ataisoma kwa sauti mbele yake kabla bahasha haijafungwa. Angeweza kuzungumza kwenye kidude chako, kuna kitufe cha kurekodi, lakini anataka iandikwe kwa mkono wangu.

Anasema nianze na Jumamosi.

Jumamosi alikuwa anapangusa rafu kwa kupapasa, mkono ukakutana na kifaa chako. Nilikuwa nimemwambia kilikuja kimevunjika, wala sikuwa nimemwekea mkononi kama nilivyokuandikia. Hilo amesema nilirudie: sikuwa nimemwekea mkononi. Akakifungua. Kidole gumba kikaenda chenyewe pembeni, karibu na bawaba, kikakuta kigurudumu kimezungushwa mpaka kimepita ile tik. Aliyekizungusha ni mimi. Akakirudisha juu.

Mimi nilikuwa mlangoni na watu sita. Nilikuwa nimefika pale jaji anapotoa machozi. Sauti yako ikatoka nyuma ya pazia, "Mama, shikamoo, ni mimi mwanao," nami nikajifanya sikusikia, nikaendelea. Ikaendelea na yenyewe. Ikamwambia mama kwamba kidude kile ni kazi ya mikono yake, na kwamba kiwanda kinamtafuta yeye, si mimi. Ikataja tarehe 20 Aprili. Haikufika mtaa wa tatu. Ilifika mlangoni tu, kwa wale sita. Muuza viatu alivaa kofia yake, akaondoka bila kuaga. Mwenye saluni akaanza kuingiza viti ndani, kimoja kimoja.

Mama yako aliisikiliza mara tatu. Kisha akasema nimsomee barua zako zote tangu Februari. Nikaanza, nikaruka mahali. Akasema, "Rudi nyuma." Hakuwa anaona karatasi, lakini alijua nimeruka.

Haya sasa ni majibu yake.

La kwanza: mara mbili na nusu. Waya ukikunjwa mahali pamoja kila siku unakatika, kama kitambaa kinavyokatika penye mstari wa pasi. Ukiviringwa kwenye pini, kifuniko kikifunguka unalegea, kikifungwa unakaza kidogo, wala haujui kwamba umesumbuliwa. Alijaribu kuuzungusha mara mbili, ukawa unavutika. Alijaribu mara tatu, kifuniko hakikufunga.

La pili: uzi mwekundu wa kushonea, uliobaki kwenye sweta yako ya shule, kwa fundo lile analofungia vifungo. Ulikuwepo uzi mweusi, ambao ungependeza zaidi. Lakini macho yalikuwa yameanza kufifia, mweusi alikuwa anaupoteza mezani. Aliniambia mwaka ule kwamba taa haitoshi. Nilimjibu kwamba hata kipofu anajua kulehemu. Mimi sikumbuki kusema hivyo. Amesema niandike kwamba sikumbuki.

La tatu: hakuna jaji. Kidude kiliachwa na mteja asiyejulikana, ukawa unakichezea wewe chini ya meza. Kiganja chako kilikuwa kinaiziba ile spika ya chini, kwa hiyo ulikuwa unakiwasha kwa sauti kubwa, na ukiinua mkono kinapiga kelele duka zima linasikia. Siku moja nilifunua pazia nikakuchapa kofi mbele ya mteja. Hapo nilimwambia hili nisiliandike. Akasema, "Liandike." Baada ya siku ile ndipo alipopandisha spika mbili juu, zikutazame, ili sauti ndogo ikutoshe. Na ile tik aliiweka ili ukisikia viatu vyangu uzime kwa kidole gumba, bila kutazama, ujue kwa hakika kimezimika.

Iliwekwa kwa ajili yangu, basi. Kwa njia hiyo.

Hayo ya mwisho nimeyasema mimi, naye ameyaruhusu yabaki.

Anasema ameelewa kwamba kitabu kimeshachapwa. Hataki ugombane na bosi wako, wala usimpelekee majibu haya. Ni ya kwako. Anasema hana raha, na asikudanganye kwamba anayo. Angependa kulipapasa jina lake lilipoandikwa, hata mara moja, hata kama haoni. Sasa amekaa na kidude chako mapajani, anakifungua na kukifunga. Anasema waya umekaa vizuri.

Pazia ameliondoa. Amelikata, ameanza kulishona foronya kwa kupapasa, mshono umenyooka kuliko rula.

Nilimwuliza kama kuna la kuandika juu yangu.  Akasema niandike hivi: "Mjomba wako mwache aendelee kuwaeleza watu habari ya jaji. Mimi nitakuwa nimekaa hapahapa, namsikiliza."

Leo mchana aliingia mteja mgeni, akasema ametoka mbali, amesikia kuna fundi ana kisa kizuri. Mama yako akageuza uso upande wangu. Nikamwambia mteja sina nafasi.

Mjomba wako

Nimeisoma yote mbele ya mama yako, neno kwa neno. Chini ya sahihi yake mjomba alikuwa ametia cheo. Mama amesema nikikate, nimekikata. — Mwenye saluni